Sajini na Wake Zake Wakubwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi ambayo mtu mwenye akili timamu hajawahi kuifikiria. Naunda kuku mpya! Baba ni Sajini, jogoo wangu kibete, kimo cha birika. Mama ni Tingatinga na Bi Mkubwa, kuku wawili wenye mapaja kama mito ya kulalia. Watoto watachukua mwili wa mama na tumbo la baba. Wanene, na hawali! Nimewaza hilo peke yangu, huku nakoroga pumba, mimi niliyeachana na shule darasa la saba. Kwa amani.

Sajini niliachiwa na Dada alipoolewa. Alinikabidhi mlangoni, akasema nisimwache mpweke. Mpweke nani? Jogoo ana wake wawili.

Nimempigia Dada simu. Nikamwambia vifaranga wa Sajini wakitoka, aje ashuhudie. Akacheka, akasema huyo Sajini labda apewe ngazi. Nikamwekea dau: wakiwa wa Sajini kweli, atakaa hapa wiki nzima. Akakubali. Sikumwambia kwamba nyumba imekuwa kimya. Hayo hayahusiani na ufugaji.

Jumanne, 4 Machi

Adui amejulikana. Ni Kishingo, jogoo wa Mama Fundi, jirani yetu anayeshona nguo upande wa pili wa ukuta. Jogoo mzima, shingo haina hata unyoya! Na kila asubuhi hupenya kwenye tundu la ukuta kuja kuwajulia hali wake za watu. Leo nimeziba tundu kwa bati. Nyundo nimeivisha soksi, maana Mjomba, ninayeishi naye, ni mlinzi wa usiku na mchana analala. Mchana wote humu ndani ni kunong'ona. Kuna siku sauti yangu mwenyewe hunishtua.

Mama Fundi akachungulia juu ya ukuta. Nikamwamkia. Akauliza, haya Profesa, jogoo wangu amekukosea nini? Nikamweleza mradi. Akasema basi nisubiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa sababu kuku akishapandwa, mbegu ya jogoo yule hukaa tumboni siku nyingi hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Wivu mtupu! Anatetea heshima ya jogoo wake. Nikamshukuru kwa adabu. Naanza kukusanya kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo la kimo. Sajini amempanda Tingatinga, akateleza, akaanguka kifudifudi mbele ya watu. (Mimi.) Nikamwekea tofali. Akapanda tofali, akawika, akasahau kilichompeleka. Nikachimba shimo ili Bi Mkubwa asimame humo awe mfupi. Bi Mkubwa akalala humo, akaoga vumbi hadi saa saba.

Nimemwambia Sajini asivunjike moyo. Nimezungumza naye karibu saa nzima. Msikilizaji mzuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Mayai tisa! Nimemwekea kuku wetu mwingine, yule mwekundu, ayaatamie, maana siku tatu hizi amegoma kutoka kwenye kiota. Siku ishirini na moja kuanzia leo. Nimempigia Dada kumpa tarehe. Akaniuliza nakula vizuri? Nikamjibu kwa habari za mayai. Akaniuliza na Mjomba je, mnaongea? Nikamwambia mayai yote ni mazima, hakuna lenye ufa.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Hakuna tukio. Mjomba leo amesema maneno matatu: chumvi iko wapi. Nikamweleza ilipo chumvi, kwa nini niliihamisha, na jinsi mradi unavyoendelea. Nilipofika kwa Tingatinga, alikuwa ameshavaa buti na kutoka.

Nimekaa bandani mpaka giza likaingia. Kwa uchunguzi.

Jumatano, 2 Aprili

Wametoka! Sita! Wazima, wanene, wanalia kama wameahidiwa kitu!

Shingo tupu. Wote sita.

Nimehesabu shingo mara nne. Bati liko palepale ukutani, halijaguswa hata msumari. Kwa hiyo nimehujumiwa na jogoo ambaye hakuingia! Mama Fundi akachungulia, akatazama watoto wa jogoo wake, akauliza, Profesa, zile wiki tatu ulizisubiri wapi? Nikamwamkia mara ya pili.

Dada anakuja Jumamosi. Dau limeniponyoka. Labda...

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwomba Mama Fundi vipande vya kitambaa. Hakuuliza vya nini. Nimekata skafu sita. Kumfunga kifaranga skafu ni kazi ya saa nne na vidonda saba. Wamependeza! Nitasema wana mafua.

Jumamosi, 5 Aprili

Dada alifika saa tano, na mkoba mkubwa wa nguo. Sijui wa nini, kwa safari ya kuona vifaranga.

Nikamwonyesha. Nikataja mafua. Akainama. Mmoja skafu ikamtoka, akakimbia na shingo yake hadharani. Dada alicheka hadi akashika ukuta. Mjomba akaamka, akaja mlangoni na shuka begani. Nilingojea kukaripiwa. Akacheka naye! Sikujua kwamba Mjomba ana pengo.

Tukala pamoja, watu watatu. Dada akaniuliza, mdogo wangu, humu ndani huwi mpweke? Nikamwambia mpweke mimi? Sina hata nafasi! Utafiti, banda, watu wananitafuta huku na huku. Akautazama mkoba. Akasema basi asinikwamishe, atawahi gari la saa kumi. Langoni akasema siku nyingine nikitaka aje niseme njoo, neno moja tu, wala hahitaji kuitwa na kuku.

Nikamwambia nimeelewa. Mkoba haukufunguliwa hata zipu.

Jumapili, 6 Aprili

Kimya. Mjomba amelala. Sajini amewika, nikamwambia apunguze sauti, kisha nikamwambia aendelee.

Asubuhi nilichukua simu kumpigia Dada. Neno moja tu, nililifanyia mazoezi bandani. Akapokea kabla haijalia mara mbili. Akasema, niambie mdogo wangu.

Nikamwambia: batamzinga!

Nikamweleza yote. Tatizo halikuwa Sajini, tatizo lilikuwa wake kuwa wadogo mno. Natafuta batamzinga jike, namfungia na Sajini, safari hii na ngazi ya kweli, yenye vipandio. Watoto watakaotoka hakuna atakayewaita wa Kishingo. Aje ashuhudie! Akauliza kama ni hilo tu. Nikasema hilo tu.

Mama Fundi alisikia juu ya ukuta. Anasema jogoo na batamzinga hawazai, hata nikisubiri miaka mitatu. Wivu uleule.

Yai la batamzinga ni siku ishirini na nane. Batamzinga bado sina. Siku nimeshaanza kuhesabu.