Cherehani Iliyoiteka Albamu Yetu

Kwa: Shangazi, mwenye nyumba na mwenye cherehani
Nakala: wanabendi wenzangu watatu, isomwe kwa sauti

Wanamapambano wenzangu wa chumba cha nyuma, mlioziba madirisha kwa magodoro na kurekodi nyimbo tisa kwa jasho la wiki sita. Na wewe Shangazi mpendwa, ambaye kwa leo nalazimika kukuandikia kama upande wa pili wa mapambano: shikamoo.

Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili dada wa baba yangu, na kwa ghadhabu zote anazostahili mtu aliyeharibu albamu. Jumamosi tunaizindua "Mfanyakazi Asikike" mbele ya chuo kizima. Ni albamu ya kwanza ya bendi yetu ya roki, isiyo na kampuni, isiyo na mfadhili, isiyo na bwana. Usiponisikiliza kabla ya siku hiyo, mimi, mwimbaji na mtunzi wa maneno yake, nitapanda jukwaani nikiwa mpambe wa mashine ya kushonea. Malalamiko yangu ni haya.

1. Cherehani yako inasikika katika nyimbo zote tisa. Ulitupa chumba kinachopakana na chako, nasi tukashukuru bila kuuchunguza ukuta, ambao ni wa mbao tupu. Fundi mitambo alitundika mablanketi matatu, kisha akaihamishia maikrofoni ndani ya kabati la nguo. Wapi! Katika wimbo wa kwanza ninawauliza wanyonge, "Nani yuko kazini kwa ajili yenu?" Kabla umma haujafungua kinywa, wewe unajibu: tatatatata, mshono mzima wa sketi ya shule.

2. Wimbo wa nne una shimo. Ubeti wa pili unapokwisha, bendi nzima inanyamaza kwa sekunde kumi na moja. Hatukupanga. Ulikuwa unabadilisha bobini ya uzi. Mpiga ngoma wetu, ambaye tumekuja kugundua kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa akifuata mguu wako badala ya hesabu yangu, alisimama vijiti vikiwa hewani, akakungoja. Nasi tukamngoja yeye. Mtangazaji wa redio ya chuo, tuliyempa nakala mapema, ameuita "ukimya wenye ujasiri kuliko maneno yote yaliyoutangulia." Maneno yaliyoutangulia ni yangu.

3. Wimbo wa sita ni maombolezo ya wafungwa wa kisiasa. Kwenye kiitikio, pale sauti yangu inapokatika kwa uchungu, unasikika ukimwambia mteja kwa utulivu kabisa: "Dada, usibane pumzi, gauni hili utalivaa ukiwa unapumua." Tangu redio ya chuo iupige, huko bwenini hakuna anayeimba kiitikio changu, kilichonila muhula mzima na vitabu vinne vya nadharia. Wanaimba chako. Juzi foleni ya chakula iliimba kwa sauti mbili, na mhadhiri wangu wa falsafa akaniuliza kwa unyenyekevu iwapo hiyo pumzi ni istiari ya uhuru. Nilijibu kwamba ndiyo. Ulinisababisha niseme uongo mbele ya msomi.

4. Redio iliomba kumhoji "yule anayepiga kile chombo cha ajabu." Ukaenda, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Ulipoulizwa kuhusu ujumbe wa albamu, ukasema: "Watoto wanajitahidi, nawaombea. Ila huyu mwimbaji wetu anapiga kelele kama mtu aliyebanwa na shati kwapani."

Shangazi, shati lile ulilishona wewe! Kubanwa kwangu kuna chanzo cha kihistoria, na chanzo hicho kimekaa mbele ya cherehani.

5. Kwa hiyo nadai yafuatayo bila kutetereka: cherehani ihamishiwe kwa jirani, ng'ambo ya barabara, rekodi zisafishwe upya, na itangazwe hadharani kwamba albamu iitwayo "Mfanyakazi Asikike" haina mfanyakazi yeyote anayesikika ndani yake. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Ina kasoro mahali fulani, lakini msimamo ni msimamo.

Natumaini utalipokea dai hili kwa moyo uleule uliotupa chumba, funguo na ile feni. Wasalimie wote nyumbani: Bibi, umwambie kurekodi kumekwisha na anaweza kutoa pamba masikioni, mwalimu mkuu anayengoja sketi za wanafunzi wake, na yule dada wa gauni, popote anapopumua.

Wako katika ukoo na katika mapambano,
Mtoto wa kaka yako,
Mwimbaji na Katibu Mwenezi wa Bendi

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mpiga besi wetu, tunayemwita Kimya kwa sababu ndivyo alivyo, alikwisha kukudokeza. Hukubisha. Uliihamisha cherehani ng'ambo ya barabara, ukatuachia karatasi mlangoni: "Sasa imbeni kwa nafasi, wanangu." Tukafanya mazoezi. Bila mguu wako mpiga ngoma alikimbia, wimbo wa kwanza ukaisha kabla sijaufikia ubeti wa tatu. Wa pili ulisinzia. Katika wa nne hakuna aliyejua mahali pa kunyamaza, basi hatukunyamaza, na kwa mara ya kwanza nikayasikia maneno yangu yakiwa peke yake, hayana pa kuegemea. Nilipouliza nani yuko kazini, hakuna aliyejibu. Kimya akaweka besi chini, akasema, "Kamrudishe Shangazi." Kura ikapigwa: wanne kwa sifuri, yangu ikiwemo.

Malalamiko yote matano yamefutwa. Libaki la shati tu: tafadhali lilegeze kwapani.

Uzinduzi ni Jumamosi, ukumbi ulio nyuma ya maktaba, saa kumi kamili jioni. Saa nane tutakuja sisi wanne kuibeba cherehani. Chukua zile sketi za mwalimu mkuu. Kitambaa chake kizito kinaufaa wimbo wa nne. Kiti chako kitawekwa katikati, mimi nitasimama pembeni. Hatutaanza kabla hujakanyaga.