Mwambie Jogoo Uji Haupikwi Hivyo

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani ukakaa juu ya bati la Bi Zuleha muuza kahawa, na mimi nilikuwa na hasira zangu. Kwanza sipendi baridi. Pili nilimkuta Hatibu amekalia nafasi yangu, ile ya karibu na jiko, ambayo mtaa mzima wa Bigwa unajua ni yangu. Hapa kijiweni kila mtu ana jina la kubandikwa. Mimi wananiita Ubishi, jina nililolikataa mara nyingi kwa hoja nzito, na bado wananiita.

"Mmesikia?" Hatibu akaanza kabla sijakaa. Yeye tunamwita Taarifa, maana redio yake ndogo haibanduki sikioni, na habari ikishaingia kwake hutoka imenenepa. "Baridi ya mwaka huu haijawahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Wataalamu wamesema kila mtu anywe uji wa shayiri asubuhi. Asiyekunywa, damu inaganda."

"Wamesema inaganda?" nikamuuliza.

"Hawakusema, ila ukisikiliza vizuri ndiyo walichomaanisha."

"Shayiri ndiyo ile wanaita otsi?" Luqmani akadakia kutoka juu ya bodaboda yake. Huyu jina lake Breki, kwa sababu hana. "Oyaa, ile si msosi wa farasi? Nimeiona supamaketi, vipande vyembamba kama pumba. Yaani mtu mzima unaamka, unanawa uso, unakula pumba?"

"Farasi umemwona wapi wewe?" akauliza Bi Zuleha.

"Kwenye TV."

"Na umeshawahi kumwona anatetemeka kwa baridi?" Taarifa akamkazia macho.

Breki akafikiri. "Hapana."

"Basi kaa kimya."

Godlisten akacheka kwa dharau na kuvuta kola ya koti lake. Godlisten ni mtu wa Machame, kule Kilimanjaro, aliyekuja Morogoro kuuza vipuri akasahau kurudi kwao. Tunamwita Mtori, kwa kuwa ukimtajia chakula chochote duniani atakwambia kingekuwa kizuri zaidi kama kingekuwa mtori, ile supu ya ndizi ya kwao. "Uji bila ndizi ni maji yaliyochafuliwa," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpinge, ndipo geti la ua wa bati ulio ubavuni mwa kijiwe likalia, akatoka Mwinjuma. Mkono mmoja sufuria, mkono mwingine mfuko wa karatasi, begani khanga ya mkewe, na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Mwinjuma ni Injinia. Aliwahi kutengeneza redio ya jirani, na tangu siku hiyo jirani hana redio.

"Shikamoo Bi Zuleha. Naomba jiko lako dakika mbili."

"Marahaba. Jiko langu limekukosea nini?"

"Gesi imekata. Na mama mkwe hajanywa kitu."

Hapo hata Breki alishuka kwenye pikipiki. Bi Hafidha, mama mkwe wa Injinia, alikuwa ameshuka kutoka Mgeta na lori la kabichi, na habari zake tulikuwa nazo wote. Zahanati wamemwambia sukari imepanda, aache uji wa sukari, anywe wa shayiri. Lakini hakuteremka kwa ajili ya sukari. Bonde analolima Injinia pale chini mtoni si lake. Ni la ukoo wa mkewe, na kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo Bi Hafidha akisema kesho alime mwingine, ndiyo imetoka. Mwaka jana bonde halikutoa kitu cha maana. Sasa mama anapita kwa wakwe zake wawili aone nani ana akili. Jana alikuwa Mazimbu kwa Evance, aliyemuoa dada wa Sabra, mke wa Injinia. Leo zamu ya Injinia, na Sabra mwenyewe yuko msibani Kilosa.

"Evance kampikia nini?" nikauliza.

Injinia akatoa simu akatuonyesha. Evance alikuwa ameweka picha kwenye status: bakuli la kioo, uji wa shayiri mweupe, zabibu zimepangwa kwa mduara, pembeni kitambaa kimekunjwa pembetatu. Chini kaandika: "Mama ni mama."

"Mshenzi huyo," Mtori akasema kwa upole.

"Si umuulize tu mama anapenda vipi," Breki akasema. "Mzito, mwepesi, unamaliza."

Wote tukamtazama. Mtoto wa mjini huyo, hajaoa. Huyu Injinia na mama mkwe wake ni watu wa heshima ya zamani: hawatazamani usoni, hawasemeshani, jambo likiwapo linapita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni Sabra. Sasa tangu jana jioni wako wawili ndani ya nyumba moja wanakwepana kama wezi wawili waliovamia duka moja. Mama akikohoa ukumbini, Injinia anatoka kupitia dirishani.

"Kwa hiyo jamani," Injinia akasema, "nisaidieni. Lile bonde ndilo nalisomeshea watoto. Sijawahi kupika kitu hiki."

Nakwambia ukweli, nilimwonea huruma. Lakini kumwambia kijiwe "nisaidieni" ni kosa ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi.

"Maji kwanza," Taarifa akasema.

"Maziwa kwanza," nikasema mimi.

"Ubishi, acha ubishi."

"Sibishi, nasahihisha."

Wakatia maji. Yalipochemka Injinia akachota konzi ya shayiri akaitupia, akakoroga kwa mwiko wa Bi Zuleha. Tukainamia sufuria wote. Maji yakabaki maji.

"Nyepesi hiyo," Mtori akasema. "Ongeza."

Akaongeza. Bado. Taarifa naye akatia konzi yake. Mimi nikatia moja ndogo tu, ya kurekebisha. Sote pale tumekulia kwenye ugali: unga wa mahindi ukiutia kwenye moto unakujibu hapo hapo, unajua uko wapi. Shayiri haijibu. Inanyamaza, inakuacha uendelee kujiharibia, halafu inajibu yote kwa pamoja.

Ilipojibu, mwiko ulisimama wenyewe.

"Ongeza maji," Taarifa akasema haraka.

Wakaongeza maji. Mtori, ambaye alikuwa ameshatoweka na kurudi, akatumbukiza ndizi mbichi mbili nzima. Breki akamwaga tangawizi yote ya kahawa ili mama apate joto. Taarifa akatia magadi, kwa maelezo kwamba magadi yanalainisha kila kitu. Mimi nilitia karanga za kusaga, na nasema mpaka leo kwamba karanga ndicho kitu pekee chenye akili kilichoingia mle. Injinia alikuwa anasukuma mwiko kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukanyagia kwenye tofali, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Rangi ikawa ya udongo. Harufu siielezi.

"Hapa ukipata fito unakandika nyumba," Breki akasema.

"Hayo ni magadi ya nani?" Bi Zuleha akauliza, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa.

Ndipo nyuma ya bati mtu akakohoa. Kikohozi cha mama mtu mzima, kirefu. Injinia aliganda na mwiko mkononi. Tulikuwa tumesahau kitu kimoja: lile bati ni bati, si ukuta. Bi Hafidha alikuwa amekaa upande wa pili muda wote, na kila neno alilisikia, na kwa heshima yake hakuweza kutoka kuja kuokoa uji wake mwenyewe.

"Wewe jogoo," sauti ikasema.

Tukachungulia chini ya bati. Jogoo wa Injinia alikuwa anaparua mchanga mbele ya miguu miwili yenye ndala za kijani.

"Wewe jogoo, nakuuliza. Umewahi kuona wapi uji wa mgonjwa ukatiwa magadi?"

Jogoo akaendelea kuparua. Injinia akageukia birika la kahawa.

"Wewe birika," akasema kwa adabu, mikono ameifumbata, "mwambie jogoo kwamba tumekosea. Tunaomba maelekezo."

"Jogoo, waambie hiyo wampe nguruwe wa mtu. Zimebaki shayiri?"

Injinia akatazama mfuko. "Birika, sema zimebaki kidogo. Za mtu mmoja."

"Zinatosha. Jogoo, mtu mwenye akili anachukua sufuria safi. Shayiri kikombe, maji vikombe viwili, baridi, vyote kwa pamoja. Chumvi kwa ncha ya vidole. Kisha moto mdogo."

Bi Zuleha akasuuza sufuria yake mwenyewe na kupunguza mkaa. Injinia akafanya neno kwa neno. Taarifa alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Anakoroga polepole, kama mtu asiye na haraka. Haongezi kitu. Hata akiona maji, asiongeze kitu. Na ikianza kutoa mapovu, jogoo, hapo ndipo..."

Sauti ikakatika.

Tulingoja. Uji ukaanza kutoa mapovu. Injinia akatutazama, macho yamemtoka. Tukachungulia chini ya bati: ndala za kijani zipo, jogoo hayupo. Alikuwa ameona kitu kwa jirani akaenda zake.

"Si aendelee tu," Breki akanong'ona.

"Ataongea na nani?" nikamuuliza. "Aongee peke yake uani, mtu mzima, na mkwe wake yuko pale?"

"Uji unashika chini," Injinia akasema. Alikuwa karibu kulia. "Jamani, bonde langu."

Breki alitoka mbio. Sijawahi kumwona anakimbia, huyu hata chooni angekwenda na pikipiki. Tukasikia vurugu kwa jirani, ndoo ikaanguka, mwanamke akauliza kuna nini, Breki akajibu, "Samahani mama, ana kikao." Akarudi amemkumbatia jogoo, manyoya kwenye nywele, akalala kifudifudi akamsukumia chini ya bati na kumshika miguu asiondoke tena.

"Umerudi," Bi Hafidha akamwambia jogoo, kama vile hakuna kilichotokea. "Nilisema ikitoa mapovu, apunguze moto zaidi, afunike kidogo. Kisha karanga za kusaga, vijiko viwili."

Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja. Sikusema kitu. Nilitaka tu wanione ninavyonyamaza.

"Na ndizi, mbivu, si mbichi. Aipondeponde ndani. Hiyo ndiyo sukari yangu."

Mtori naye akanyamaza kwa namna yake, kifua mbele, akaenda kuileta.

Uji ukaiva. Ulikuwa uji kweli: mzito wa kutulia kwenye kijiko, unateleza, harufu ya karanga imetanda mpaka barabarani, hata ukungu nadhani ulisogea kuvuta pumzi. Bi Zuleha akaumimina kwenye bakuli la plastiki lenye picha ya ua, akaupeleka ndani. Injinia akakaa kwenye tofali, akashika kichwa. Upande wa pili tukasikia kijiko. Kikagonga bakuli. Kikagonga tena. Kikakaa kimya muda mrefu, na Taarifa akafumba macho kama anayesikiliza matokeo ya uchaguzi. Halafu kikakwangua chini.

"Jogoo," Bi Hafidha akasema. "Kule Mazimbu uji ulikuwa mzuri wa kutazama. Wamenipigia picha mpaka ukapoa. Nikanywa baridi, na kwenye baridi hii."

Injinia akainua kichwa.

"Huyu wa hapa hajui kupika, na Mungu ni shahidi hajui. Lakini akiambiwa jambo anafanya kama alivyoambiwa. Mtu wa hivyo anafaa shamba. Mwambie bonde aendelee kulima yeye."

Injinia alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Akalishika birika kwa mikono miwili, likamuunguza, hakuliachia. "Birika," akasema, machozi yanamtoka wazi wazi, "sema ahsante mama. Sema ahsante sana."

"Ila jogoo," sauti ikaendelea, na sasa ilikuwa kavu, "nimeuliza nikaambiwa ni nani waliomshauri mwaka jana apande matikiti kwenye bonde la maji, kipindi cha baridi. Nimeambiwa ni watu wa kahawa. Hao hao niliowasikia leo kwa masikio yangu. Basi mwambie: nikisikia tena amewauliza jambo la shamba, bonde linakwenda kwa Evance siku hiyo hiyo. Nimemaliza. Sasa mwachieni huyo kuku miguu."

Breki akaachia. Ndala za kijani zikaondoka.

Tukakaa. Ni kweli lile la matikiti tulilisema sisi, lakini nilivyoona mimi kosa lilikuwa la mbegu. Bi Zuleha akatumiminia kahawa isiyo na tangawizi, na kila mtu akatazama kikombe chake.

Injinia akajifuta uso kwa khanga, akatazama kwenye bati, akasogea karibu yetu na kuinama. Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Sasa jamani," akanong'ona, "mwaka huu nipande nini?"

Mtori alifika barabarani kabla ya wengine. Breki aliwasha pikipiki bila kupanda, ikabidi aikimbilie. Taarifa aliacha redio. Mimi nilibaki, kwa sababu nafasi yangu ya karibu na jiko ilikuwa imebaki wazi, nikakaa, nikamwegemea sikioni nikamwambia vitunguu.