Kiashiria cha Mtoto Asiyelia

(Hotuba ya Mkurugenzi, imenukuliwa neno kwa neno na karani wa kumbukumbu, katika ukumbi wa mikutano wa Idara. Yaliyo kwenye mabano ni yale karani aliyoyaona kwa macho yake.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ametoka kwenda kumtafuta Mwenyekiti. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, na ninyi mnaokaimu nafasi za hao wasaidizi. Wadau wa maendeleo, na wadau wa wadau. Ndugu yetu wa vipaza sauti. Dereva wangu, hebu simama wakuone, haya kaa. Walezi wapendwa wa vituo vya kulea watoto wadogo. Na ninyi watoto wachanga, ambao ndio walengwa, ndio wanufaika, na nikiruhusiwa kusema, ndio malighafi ya mradi huu: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Mtoto mmoja anapiga chafya.)

Afya, mwanangu. Mnaona? Tayari kuna mwitikio.

Ndugu walezi, leo tunafunga rasmi Mafunzo ya Walezi Kuhusu Afya ya Akili ya Mtoto Mchanga na Mtoto Anayejifunza Kutembea, mafunzo ambayo Idara hii, chini ya uongozi wangu na kwa kushirikiana kwa karibu sana na mimi, iliyabuni, ikayatafakari, ikayachakata na kuyawekea fremuweki jumuishi, kwa sababu utafiti umeonyesha, na nikisema utafiti mjue nimekaa nao ofisini, kwamba mtoto mchanga naye ana akili, na akili hiyo ina afya yake, na afya hiyo haiwezi kuachwa hivihivi bila kuratibiwa.

(Makofi ya wastani. Baadhi ya walezi wanatazamana. Mlezi wa safu ya tatu, mwenye mtoto mgongoni, ananyoosha mkono.)

Asante mama kwa kuniunga mkono. Shusha, utachoka.

(Hashushi.)

Naomba niseme bila kutia chumvi kwamba mtaala wetu una moduli kumi na mbili, ikiwemo Moduli ya Pili, Tabasamu la Kitaalamu. Moduli ya Tano, Kubembeleza kwa Kuzingatia Matokeo. Na ile ninayoipenda binafsi, Moduli ya Tisa, Mchezo wa Kujificha Uso kama Nyenzo ya Kimkakati, ambapo mlezi anaficha uso, anaufichua, kisha anajaza tathmini. Asilimia tisini na tatu nukta saba ya walezi wameiva. Hiyo nukta saba nimeihakiki mwenyewe.

(Sauti kutoka safu ya pili: "Wameiva akina nani?" Kicheko.)

Tulia mama, maswali yana muda wake. Na haya mafanikio si ya kujisifu, ingawa siwezi kukwepa kusifiwa. Ninaahidi kwamba katika awamu ijayo kila kituo kitapata mshauri nasaha mmoja kwa kila watoto wawili, na mwingine wa akiba, pamoja na godoro la kutambalia lililofanyiwa pailoti, yaani majaribio, na mlezi yeyote mwenye watoto thelathini chumbani atapewa kijitabu cha kumweleza kwamba si vizuri kuwa na watoto thelathini chumbani.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva.)

Naam, mama wa mkono juu. Kwa kifupi.

(Mlezi anasimama. "Shikamoo, Mheshimiwa. Ni kuhusu huyu niliyembeba. Ana mwaka na nusu. Mama yake amepata kazi mbali, amemwacha kwa bibi yake, na mchana anashinda kwangu. Mwanzoni alilia mpaka sauti ikakauka. Sasa halii. Hacheki, ukimwita hageuki, toy ukimpa anaiacha idondoke. Ninamwogopea, Mheshimiwa. Nilivyosikia mafunzo nikasema niende naye, nikafundishwe nimfanyeje.")

Halii! Ndugu wajumbe, mmemsikia kwa masikio yenu, sikumpanga. Kiashiria namba moja cha mradi huu ni kupungua kwa kelele za watoto vituoni, na huyu kijana, kwa umri wake mdogo, ametimiza asilimia mia moja! Mpigieni makofi!

(Hakuna makofi. Mlezi mtu mzima, bibi wa miwani, anasema bila kusimama: "Baba, mtoto akinyamaza namna hiyo ndio amekata tamaa.")

Bibi, hilo ni suala la kisera, tuwaachie wataalamu.

("Wako wapi?")

Wako kwenye mchakato. Mpiga picha yuko wapi? Mama, niletee huyo kiashiria nimbebe, tupate picha ya ripoti. Hivyo. Hopla. Uzito wake ni mzuri. Mwanangu, tazama kule kwenye kamera, kwa wadau. Hatazami. Hakuna neno, pigeni hivyo hivyo. Amenishika tai. Mtoto mwenye kushika tai ni mtoto mwenye maono, nami naona hapa mkurugenzi wa kesho, ila asiharakishe. Haya, mama, mpokee, niendelee na ukurasa wa saba.

(Mlezi ananyoosha mikono ampokee. Mtoto haachii tai. Anavutwa kidogo, uso unakunjamana, kisha analia. Analia kwa sauti ambayo kipaza sauti kinaichukua na kuirudisha mara mbili. Mlezi wake anafunika mdomo kwa viganja, naye machozi yanamtoka. Walezi wote wanasimama, vigelegele.)

Asanteni, asanteni, kaeni, mnanipa deni la... Jamani, ngojeni kwanza. Mnashangilia nini? Alikuwa mia kwa mia! Huyu mtoto ananiharibia takwimu!

(Bibi wa miwani: "Usimwachie, baba! Mshike! Msemeshe!")

Nimsemeshe nini? Mimi nina hotuba.

("Hiyohiyo! Lakini polepole!")

Haya, haya. Nyamaza, mwanangu. Fremuweki... fremuweki jumuishi... eneo mtambuka, eh? Mtambuka, mtambuka. Mchakato... mchakato, baba, mchakato... wadau wote wapo, eh, wadau wote wapo...

(Mkurugenzi anayumba taratibu kushoto na kulia. Kilio kinapungua, kinabaki kwikwi. Mtoto anainua uso na kumtazama.)

Jamani. Ananitazama. Ananitazama mimi. Ofisini hakuna anayenitazama hivi, labda akiwa anataka likizo. Ehm. Karani, hilo usiliandike.

(Limeandikwa.)

Mama, njoo umchukue, na tai nenda nayo, nitaivua tu. Kwa hatua hii, ndugu washiriki, naomba niingie kwenye hitimisho la awali. Lakini naona mmehama viti. Nawaona kule nyuma mmemzunguka yule mama, mmoja anasema mwache alie akiwa kifuani, mwingine anauliza bibi yake anamlazaje, mwingine anasema na wangu alikuwa hivihivi, na bibi wa miwani anamwonyesha namna ya kumwita jina akiwa ameinama kwa kimo chake. Naomba hiyo shughuli ikome mara moja. Mafunzo yameshafungwa. Mtu hawezi kufundishwa kwenye ufungaji.

(Hawasikii.)

Basi niitikieni kaulimbiu. Nikisema "Mtoto mchanga!" mseme "Akili timamu!" Mtoto mchanga!

(Dereva: "Akili timamu!")

Mlezi bora!

(Dereva: "Akili timamu!")

Hapo ni "Taifa bora," lakini sawa.

Mwisho kabisa ni shukrani. Nawashukuru wakufunzi, ambao tungewapata wangefanya kazi nzuri sana. Namshukuru aliyeandika mtaala, moduli zote kumi na mbili, majina yake yanavutia, yaliyomo atayafanyia kazi akipata nafasi. Namshukuru mwandishi wa ripoti ya mwisho, aliyeikamilisha kabla mradi wenyewe haujaanza. Nawashukuru ninyi walezi mlioacha vituo vyenu mkaja leo mkidhani ndiyo siku ya kwanza ya mafunzo. Ndiyo siku ya kwanza, na ya katikati, na ya mwisho, vyeti vipo mlangoni, kila mtu achukue kimoja hata kama si jina lake. Na wewe mama wa safu ya tatu, nakushukuru kwa namna ya pekee, maana swali lako ni zuri mno. Haya mafunzo yangekuwapo, tungeanza nalo.