Paa la Chumba cha Wakoli

Jumatatu, 10 Novemba 1997
Nabalayo, tangu Pasaka hujakanyaga hapa mtaa wa Tena. Hata salamu hutumi. Mimi nisiyejua darasa nachonga herufi kwa ajili yako, wewe uliyesoma uko kimya. Ukija utasoma haya yote, tena ukiwa umesimama.

Sababu naijua. Kwa mila, mumeo Wakoli hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe. Ni sawa, hata mimi singekubali. Ndiyo maana nimewajengea chumba uani, na paa lake peke yake, mje Krismasi. Fundi Matheka alisema mabati yainamie nje. Nikasema yainamie kwangu, nikinge maji. Sasa na mvua hii! Maji yanajaa kwenye mwanya kati ya chumba na nyumba, yanapita chini ya mlango. Kitanda chenu kinaoga. Nimelia kidogo. Kisha nikanywa chai.

Jumatano, 12
Nimepata akili. Nimefunga gata, mfereji wa bati wa maji ya paa, mdomo wake juu ya ukuta, upande wa jirani Ambaro. Maji yakishavuka si yangu.

Alhamisi, 13
Yameangukia jiko lake la kupikia mikate ya anjera. Alikuja na buibui limelowa. Nikamwambia mvua ni ya Mungu.

“Mama Nabalayo,” akasema, “Mungu hakupigilia hiyo gata misumari.”

Nimeing'oa. Jioni akaleta sambusa, amenuna. Nikazila, nimenuna.

Ijumaa, 14
Maji tena. Godoro lenu liko juu ya meza yangu. Mimi nakula nimesimama. Mtakuja mkute bwawa, mrudi Bungoma, na mimi nife bila kuwaona. Basi.

Jumamosi, 15
Nimeshinda! Adui ni mwanya, nimeufunika. Matheka ameinua paa la chumba, akatandika mabati marefu kuanzia juu ya nyumba yangu mpaka mtaro wa nyuma. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia apige misumari, maswali awapigie wengine.

Jumapili, 16
Mvua usiku kucha. Hakuna tone! Baada ya kanisa nikamwita mzee Nalianya, baba mdogo wa Wakoli, aje aone. Akaangalia juu muda mrefu. Akakataa kuingia.

“Mama, hili sasa ni paa moja.”

Nimekalia ndoo mpaka giza. Nimejenga chumba ambamo mkwe wangu hawezi kulala. Kikavu kabisa.

Jumatatu, 17
Nimepata akili. Kesho Matheka anakata mabati katikati, juu ya ule mwanya, upana wa kiganja tu. Mapaa mawili, na Nalianya ameridhika. Kwani maji mangapi yatapita kiganja?

Nabalayo, Krismasi ukija usimwambie Wakoli kitu. Mletee viatu vya gambuti, na avivae kabla hajashuka kitandani.