Sauti ya Mwanamke Ndani ya Joho

Leo nimeadhirika. Tena nimeadhirika mbele ya watu niliotaka wanione mtu, kwenye nyumba niliyotaka wanipe mke. Naandika haya na kanzu bado inanuka udi. Kama una kazi ya kufanya, kaifanye kwanza.

Nianze na nyinyi mliosema siwezi. Mnajijua. Mlisema Nasri hafiki Ujerumani, nikafika. Mlisema baridi itamrudisha kabla ya Ramadhani, nikakaa mpaka nikawa nakula aiskrimu nimesimama kwenye theluji. Mlisema stashahada ya kupima hewa si kitu, hewa yenyewe iko bure. Nimerudi nayo. Nimeitia fremu, iko sebuleni kwetu Malindi, hapa hapa mjini, na mgeni akiingia haoneshwi kiti kabla ya kuoneshwa fremu. Nimejisomesha kwa kuosha masufuria ya mkahawa wa chuo, yale makubwa ambayo unaingia nusu mwili. Hakuna aliyenisaidia. (Ikumbukeni sentensi hii. Itanirudia.)

Aliyebaki na neno la mwisho ni jirani yetu Mzee Khamis. Siku niliyorudi alikaa barazani kwake akasema mbele ya mtaa mzima: "Karatasi kapata, sawa. Lakini hakuna nyumba itakayompa mke. Hawa wanaorudi kutoka Ulaya wote wana mtu kule."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumjibu.

Binti anaitwa Raya, mwalimu wa hesabu, wa kwao Mtoni. Tumeandikiana tangu nikiwa kule kwenye masufuria. Ami yangu, Ami Nassor, alishapeleka posa. Baba yake Raya, Mzee Suleiman, hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, mleteni kijana ninywe naye kahawa. Kwa desturi mposaji haendi mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alielewa maana yake: mzee anataka kuniuliza kwa mdomo wake, huku ananitazama machoni, kama nimeacha mke Ulaya. Jibu likimridhisha, nimepata. Likimtia shaka, nirudi nikaitazame fremu yangu.

Ami Nassor alinipa masharti. Niseme kidogo. Nisiitaje stashahada mpaka niulizwe. Na lile kopo langu nisilibebe kabisa.

Analoliita kopo ni kipimo cha moshi nilichokiunda kwa mikono yangu, kazi yangu ya mwisho ya masomo. Ukubwa wake ni kama kopo la maziwa ya unga. Hewa ikichafuka kwa moshi, kinasema. Hakilii kama king'ora, kinasema kama mtu, kwa Kijerumani, maana watu king'ora wanakipuuza lakini mtu akiwafokea wanatii. Sauti nilimrekodi Bi Hilda, mpishi mkuu wa mkahawa, bosi wangu wa masufuria, mama wa miaka sitini na kitu ambaye akisema hapa anasikika uwanjani. Siku ya mtihani mwalimu alichoma karatasi mbele ya kipimo. Bi Hilda akafoka mara moja tu, na jopo zima la walimu likainuka likatoka nje. Matokeo nilitangaziwa uani, kwenye baridi, na wote walikuwa wanapiga makofi wamevaa glavu.

Sasa wewe niambie. Mtu ana chombo kama hicho, anakwenda kwa baba mkwe, anakiacha nyumbani?

Nguo, nazo. Nilitaka nionekane kijana aliyejitengeneza mwenyewe, kwa hiyo niliazima. Joho jeusi lenye ukingo wa dhahabu nilipewa na Mzee Khamis. Alinipa kwa mikono miwili, akanivisha, akanizungusha, akacheka peke yake. Nilidhani ni wivu. Makubadhi pia yake. Kilemba cha Ami Nassor. Saa ya binamu yangu. Kanzu ni yangu mwenyewe, lakini chini ya joho nani anaiona kanzu?

Kipimo nikakifunga kiunoni kwa mkanda, pale ambapo wazee wetu walikuwa wanachomeka jambia, nikakifunika na joho. Nikakiwasha kabisa, ili nikipewa nafasi nikitoe kikiwa tayari. Ndani ya gari Ami Nassor akanitazama tumbo akasema Ulaya imenikubali. Nikasema alhamdulillahi.

Tukafika Mtoni baada ya alasiri. Shikamoo, marahaba, karibuni, kaeni. Ukumbini alikuwepo Mzee Suleiman, mrefu, mkimya, wa macho yasiyopepesa. Pembeni yake kaka yake Raya, anaitwa Mundhir, anafanya kazi Paje kuwafundisha watalii kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa za upepo. Mlango wa ndani una pazia, na lile pazia lilikuwa linapumua, maana nyuma yake wamejipanga wanawake wa nyumba nzima.

Nilifanya vizuri, jamani. Lazima niseme. Halua nilikula kidogo, kahawa nilikunywa bila kuifyonza kwa sauti, stashahada sikuitaja mpaka nilipoulizwa (nikaitaja mara nne). Mzee Suleiman akauliza kazi, nikasema nimeshaahidiwa nafasi ya kupima hewa ya mji. Akauliza sala, nikajibu. Halafu akaweka kikombe chini taratibu, na pazia likaacha kupumua.

"Mwanangu," akasema, "kule ulikokuwa, hukuacha mtu?"

"Sikuacha mtu, mzee."

"Hakuna mwanamke anayekungoja, anayekupigia, anayekwambia njoo au nenda?"

"Wallahi hakuna."

Alinitazama muda mrefu. Kisha uso ukalegea, akamgeukia mwanawe akasema: "Mundhir, lete udi."

Wa kwetu mnajua. Udi ukiletwa, maneno yamekwisha, na yamekwisha kwa heri. Ami Nassor akanibonyeza goti. Nyuma ya pazia kuna mtu alianza kigelegele akazibwa mdomo. Nilikuwa nimeshinda! Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kwenda kumwambia Mzee Khamis.

Halafu akili ikafika. Mimi, mtaalamu wa moshi, mwenye karatasi ya moshi, nimekuja nyumba ya watu wa udi nimejifunga kipimo cha moshi tumboni.

Tena si udi wa dukani. Bibi yake Raya, Bi Salama, ndiye mtengenezaji, na maharusi wa mji mzima wanaagiza kwake. Mundhir alipoingia na chetezo, moshi ulitangulia kabla yake. Akaanza kwa Ami Nassor. Ami akajipepea ndevu, akafungua joho, akafukizwa mpaka kwapani kwa raha zake. Mimi nilikuwa natafuta kitufe. Kitufe kiko nyuma ya kipimo na lazima ukibonyeze kwa muda ndipo kizime (niliweka hivyo mimi mwenyewe, kwa usalama). Nilikuwa nabonyeza na kubonyeza ndani ya joho, natabasamu, mpaka nikagundua ninachobonyeza ni fundo la mkanda.

Mundhir akapiga magoti mbele yangu. Nikasema naomba nisamehewe, nina mafua. Mzee Suleiman akasema udi ndiyo dawa yake, na mgeni wa heshima hapitwi. Mundhir akaninyanyulia pindo la joho, akaingiza chetezo chote ndani.

Moshi ukanipanda mpaka ukatokea shingoni.

Kisha mwanamke akafoka kutoka tumboni mwangu.

Ami Nassor alidondosha kikombe. Mundhir, ambaye nilisahau kwamba kutwa yuko Paje na watalii wa Kijerumani, alijibu kwa Kijerumani, kwa adabu, kama anavyowajibu wateja wake. Bi Hilda akafoka tena. Nikalikumbatia tumbo, nikainama, nikailalia mikono yangu. Sauti ikabadilika ikawa nzito kidogo lakini haikukoma, sasa ikawa kama inatoka mahali pabaya zaidi.

Mzee Suleiman hakuinua sauti. "Nani huyo?"

"Si mtu, mzee."

"Namsikia. Ni mwanamke." Akamgeukia Mundhir. "Anasema nini?"

Mundhir alinitazama kwa huruma, Mungu ambariki, lakini baba yake ndiye aliyeuliza. "Anamwambia atoke hapa sasa hivi."

"Na tena?"

"Anasema hewa ya humu haimfai. Na asirudi ndani mpaka amwambie."

Jamani. Maneno hayo niliyatunga mimi. Niliyapitisha kwa walimu. Nilisifiwa kwa ufupi wake.

Mzee Suleiman alisimama. Akasema nimeapa mbele yake kwamba hakuna mwanamke wa kuniambia njoo wala nenda, na huyu hapa ananiambia yote mawili. Ami Nassor alijifunika uso. Nikasema ni kipimo, mzee, nakiapia, sauti ni ya mpishi mtu mzima. Akauliza kipimo cha nini. Nikasema cha moshi. Akauliza moshi gani, mbona hapa hakuna anayepika.

"Moshi wa... udi."

Nilipolitamka tu, nyuma ya pazia mtu alisafisha koo.

Pazia likafunguka, akatoka Bi Salama, mfupi, amejifunga leso, akanitazama kutoka makubadhi mpaka kilemba. "Udi wangu una nini?"

Nikatafuta jibu. Bi Hilda alikuwa nalo. Alilirudia.

"Mama," akasema Mzee Suleiman, "kijana ana mke."

Bi Salama akasikiliza kidogo, kichwa upande. "Anarudia neno lile lile bila kuchoka," akasema. "Kwa hilo, kweli anaweza kuwa mke." Kisha akachukua chetezo kutoka kwa Mundhir, akatoka nacho mpaka uani. Akangoja. Moshi ukapungua, na Bi Hilda akanyamaza. Bi Salama akarudi nacho mpaka mlangoni. Kimya. Akasogea hatua. Kimya. Akakitia chetezo chini ya joho langu tena, na Bi Hilda akamtoa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi ikawa mchezo. Akatoka, akaingia. Akatoka, akaingia. Wanawake wakaliacha pazia wakajaa mlangoni, Raya akiwa mbele yao na leso mdomoni, machozi yanamtoka. Mimi nimesimama katikati ya ukumbi kama mti wa kutundikia nguo, kila bibi akija nafunguliwa joho, nafokewa. Bi Salama akauliza huyu mama ana umri gani, nikamwambia. Akauliza kupika anajua, nikasema ndiyo kazi yake. Akasema ndiyo maana sauti yake ni ya mtu anayeheshimika jikoni.

Mwishowe Mzee Suleiman akaniamuru nivue joho, akione hicho kitu. Nikavua. Kipimo alikitupia jicho moja tu. Joho lenyewe ndilo alilolishika. Akaligeuza ndani, akapitisha kidole begani, mahali paliposhonwa kwa uzi wa kijani.

"Joho hili langu," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Uzi huu katia mama, siku hiyo mweusi ulikuwa umemwishia. Nilimwazima Khamis wa Malindi siku anamwoza mwanawe. Mwanawe sasa ana wajukuu."

Ikabidi niseme. Kwamba nimeliazima kwa huyo Khamis. Akauliza kilemba. Nikamwelekeza kwa Ami, ambaye bado alikuwa hana uso. Makubadhi? Ya Khamis. Saa? Ya binamu. Kila swali lilikuwa linanivua kitu.

"Na hilo kopo?"

"Hili langu," nikasema. "Hili nimeliunda mwenyewe. Usiku nikitoka kuosha masufuria ndipo nikikaa nalo. Skrubu moja moja."

Nikakifungua kutoka kwenye mkanda, nikampa. Mzee Suleiman alikitazama kipimo sasa kwa kweli, akakigeuza, akakinusa (sijui kwa nini, kinanuka udi).

"Umekuja na vitu vyote hivi," akasema, "na chako ni hiki tu kilichokuaibisha."

"Naam, mzee."

"Ungekuja nacho hiki peke yake, tungemaliza mapema." Akampa mama yake. Bi Salama akakipakata, akasema kopo linabaki hapa mpaka siku ya harusi.

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Wanawake walielewa kabla yangu, na kigelegele kilichozibwa mwanzo kilitoka chote. Kelele zile Bi Hilda mwenyewe asingeziweza.

Nimerudi mjini na kanzu yangu. Kuanzia magharibi nimepita nyumba kwa nyumba kurudisha vitu vya watu: kilemba, saa, makubadhi. Kwa Mzee Khamis nimefika mwisho, pekupeku, makubadhi yake mkononi. Akaniuliza joho liko wapi. Nikamwambia limefika kwa mwenyewe.

Akatikisa kichwa polepole. "Kalijua kwa ule uzi wa kijani?"

Nikamkodolea macho. Akasema miaka yote alikuwa anatafuta njia ya kulirudisha bila ya kuonana na Suleiman, na aliposikia mimi nakwenda nyumba ile ile alimshukuru Mungu. Kisha akauliza kuhusu mke. Nikamwambia wamenipa. Akanipiga bega. "Basi nimekusaidia," akasema.

Sasa hivi Raya ameniandikia. Anasema bibi keshaanza kufukiza nguo za harusi, yule mama yangu wa Kijerumani amewatoa wote nje, na majirani wanauliza wamepata mgeni gani mkali hivyo.

Naomba asicheke mtu. Na siku ya harusi kila mmoja aje na joho lake.