Mashine Iliyotoka Jasho Shasha

Zéphyrin hakuwa na diploma, hakuwa na mke wa kudumu, wala mji wa kurudi bila kuulizwa maswali. Uhandisi alioutangaza hakuwa nao pia. Alikuwa na ordinateur, yaani kompyuta, yenye kioo kilichopasuka na taa ya kijani. Huko Omate, Walikale, aliwaapia wachimbaji kwamba inaona shimo la dhahabu kabla halijaporomoka. Walipoanza kumtafuta na sepeto, aliona hewa ya ziwa itamfaa zaidi.

Akafika Shasha, kando ya ziwa, wakati vita vimefunga barabara ya Sake. Watu na maharagwe walisafiri kwenda Goma kwa maji tu, na boti kubwa ilikuwa ya Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo. Abiria walianza kumkimbia, maana alipakia mpaka mawimbi yakaonja magunia. Zéphyrin akanusa riziki.

“Mama, hii mashine ilisomaka picha za maboti yote yenye ilizamaka duniani,” alisema kwa upole wa askofu. “Ilijifunza yenyewe, kwa kina. Inazamisha boti yako humu ndani mara elfu, ili isizame ziwani hata mara moja.”

“Basi iseme: naweza ongeza magunia ngapi?”

“Unataka ngapi?”

“Mia moja.”

Akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Sayansi ina adabu kwa mteja.

Mama Kavira akalipa bila kubishana, jambo ambalo lingemtisha mjanja mwenye akili zaidi. Magunia yakapangwa. Abiria wakasimama pwani, hawapandi.

“Papa ingénieur, panda,” mama akaita. “Huku, fundi wa boti ndiye anakaaka mbele, safari ya kwanza. Asipopanda, hakuna muntu anapanda.”

“Mimi niko na kazi Sake, Mama.”

“Kazi gani? Kule iko bunduki tu.”

Vijana wapakiaji wakamsindikiza kwa heshima, mmoja kila kwapa. Maji yalikuwa kidole kimoja chini ya ukingo wa boti, na Zéphyrin hakujua kuogelea hata ndani ya beseni. Jasho likamtiririka.

“Mama! Mashine imebadilisha mawazo!”

“Taa iko ya kijani, papa.”

“Shusha magunia! Shusha tena! Na yale ya nyuma!”

Yakashushwa yote mia. Alipopumua ndipo abiria wakapanda, wakiimba.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka boti nyingine. Mama Kavira aliitupa ordinateur na kubaki na mhandisi. Kila safari alikaa mbele, na kule Goma wadogo wawili wa mama walimngoja gatini, wamrudishe.

Wenye boti wa Minova walipoomba kumkodi, mama alimketisha amwandikie mmoja wao barua, yeye akimtajia maneno, kwa kuwa mwandiko wa Zéphyrin ulikuwa mzuri:

“Papa Athanase, mashine utaipata siku ya soko. Haitaki umeme, inataka fufu na samaki wa sambaza. Ikitoka jasho, shusha mizigo. Tafadhali, usiifundishe kuogelea.”

“Mama, nitie sahihi wapi?”

“Tangu lini mashine inatiaka sahihi?”

Mama akalamba bahasha, akaifunga kwa ngumi, akampa nahodha aipeleke.