Theluji ya Maziwa ya Gaju

Leo nimejivua nguo mbele ya akina mama wote wa Kibabi wanaojua kusoma. (Nguo ninazo mwilini, msianze.) Nimekasirika hata chai nimeiacha ipoe. Afadhali mnisikie mimi kabla hamjamsikia Mama Veronika, maana yeye ameshaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Mnajua kikundi chetu cha kusoma. Baada ya misa tunakutana kwa mmoja wetu, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine tunasikiliza na kubishana. Zamani mwenye nyumba alitoa viazi vya kuchemsha na chumvi, tukala, tukaenda zetu kwa amani. Kisha Mama Veronika akawa sekretere, katibu wa kikundi. Akaleta sheria: chakula kitoke ndani ya kitabu. Kwake tulisoma habari za wavuvi, akatupangia samaki wakavu kwenye sinia juu ya majani ya maboga, eti wanaogelea. Watu wakapiga makofi. Kwa samaki wakavu!

Zamu yangu ikaangukia kitabu cha msichana na shangazi yake waliopotea kwenye theluji. Kitabu kizima hawali kitu. Theluji, upepo, theluji, kulia. Nikamwuliza Mama Veronika, sasa mimi nipike nini?

"Upike theluji," akasema. "Ao unatuletea viazi tena?"

Hiyo "tena" yake ndiyo iliyonichoma.

Theluji sisi tunaiona kwa mbali tu, ule weupe juu ya mlima Karisimbi asubuhi za baridi. Hakuna hapa aliyewahi kuila. Lakini shemeji yangu ni mpishi kwa mzungu wa shamba la kahawa, naye akanifundisha kitu chepesi: chemsha maziwa, kamulia ndimu yakatike, chuja, changanya na sukari, finyanga vidonge. Vinatoka vyeupe kabisa. Mtoto mdogo anaweza kuvifanya.

Na maziwa nilikuwa nayo. Mwanangu Emanueli bado ni wa kunyonya, lakini homa ilinikausha, na tangu hapo Mama Bernadeta, jirani yangu wa mlimani, ananipa kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wake Gaju kila asubuhi. Bure. Mashavu yote ya Emanueli mnayoyasifia kanisani ni kazi ya Gaju. Leo nikampa mtoto uji wa mtama, maziwa nikayatia kwenye sufuria. Siku moja tu, nikajiambia.

Mwiko niliujua? Niliujua. Nani hapa hajui kwamba wenye ng'ombe hawaweki maziwa motoni? Wanasema chuchu za ng'ombe zitapasuka, naye atakauka. Lakini nikasema moyoni, vidonge vyeupe vilivyojaa sukari, nani atajua vimetokea wapi? Nikachuja kwa nepi ya Emanueli. (Mpya. Msinitazame hivyo.)

Wakaja, Mama Bernadeta naye akiwemo, maana ni wa kikundi chetu. Vidonge vyangu viko kwenye sinia juu ya jani la mgomba. Mama Veronika akavitazama, akaizunguka sinia mara mbili, nami nilifurahi, siwadanganyi. Msomaji alipofika pale shangazi anapoanguka kwenye theluji, nikapitisha sinia. Mama Bernadeta akachukua kimoja. Akachukua kingine. Anatafuna huku amefumba macho.

"Mama Emanueli, hii kitu iko tamu sana. Unaifanyaka namna gani?"

Hapo mtu mwenye akili anasema ni unga, anabadilisha mazungumzo. Mimi niliinuka. Nilisimama kama mwalimu mbele ya kilasi, kwa sababu Mama Veronika alikuwa ananitazama na nilitaka asikie kila neno. Nikaeleza ndimu. Nikaeleza sukari. Nikaeleza kuchuja. (Nepi sikuitaja, akili kidogo ilikuwa imebaki.) Halafu, kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha:

"Lakini siri yote iko mu moto. Maziwa ichemke mupaka ipande juu."

Msomaji akafunga kitabu.

"Maziwa gani?" Mama Bernadeta akauliza.

Bado ningeweza kudanganya. Macho yangu yakaenda jikoni, kwenye kibuyu chake.

"Maziwa ya Gaju njo ulipika?"

"Dada, ilikuwa tu ya leo."

"Na mimi njo nimekula."

Akarudisha nusu ya kidonge kwenye sinia, taratibu. Angenitukana ningemjibu, nilikuwa tayari. Hakunitukana. Macho yalimjaa machozi.

"Mutoto wako mi nilimupenda sawa wangu," akasema. "Kama ulikosa kitu ya kupatia wageni, ungeniambia. Ningekuletea ndizi."

Akaenda jikoni kwangu, akachukua kibuyu chake, akatoka nacho. Kwa watu wa ng'ombe hiyo ni lugha tosha. Akichukua kibuyu, maziwa yameisha.

Na wale wengine? Mama Veronika wa kwanza: "Mimi sikukula." Sukari imemjaa mdomoni mpaka puani. "Hata mimi," akasema wa pili. "Mimi nilionja tu," wa tatu. Kwenye sinia ilibaki ile nusu ya Mama Bernadeta peke yake. Basi theluji yangu yote imeliwa na shangazi wa kwenye kitabu.

Nikawaambia watoke. Wote. Mama Veronika alipofika mlangoni akageuka, akanishika bega kwa huruma.

"Ungepika tu viazi, dada."

Namshukuru Mungu sikuwa na mwiko wa ugali mkononi.

Mama Bernadeta naye nimemkasirikia. Anavaa medali shingoni, anasali rozari kutushinda, akiona hirizi kwa mtoto wa mtu anaikata palepale na kuitupa chooni. Kwa Gaju ndipo ubatizo wake unapoishia. Nilikuwa namsema hivyo peke yangu jikoni, kwa sauti, nikiosha sufuria, mpaka Emanueli akaamka. Nikampa uji. Akautema. Akaanza kulia akitazama ule msumari ambapo kibuyu hutundikwa, na hasira yangu yote ikakosa mtu wa kumwangukia isipokuwa mimi.

Kesho alfajiri namfunga mtoto mgongoni, napanda mlima. Nitapiga magoti mbele ya Mama Bernadeta, na mbele ya Gaju pia ikibidi. Anayetaka kucheka acheke, ila aje na maziwa.